Deni la Baba kwa Mtoto Aliyekua: Matunzo na Elimu ya Juu katika Usukuma, kutoka Ng'ombe wa Mahari hadi Machimbo ya Mwakitolyo

Utangulizi

Mchungaji anayehudumia usharika ulio katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita huletewa mara kwa mara shauri la namna moja. Kijana amemaliza kidato cha sita, amepata nafasi katika chuo kikuu, na siku ya kuripoti imekaribia. Mama yake anauza chakula machimboni au anaponda mawe. Baba yuko hai, na pengine ana duara linalotoa mawe mazuri, lakini anajibu kwamba mtoto amekwisha kuwa mtu mzima, na kwamba kazi ya baba imekwisha. Shauri hufika kwa mchungaji kwa sababu wahusika hawajui walipeleke wapi pengine. Ukoo hauna tena nguvu juu ya baba huyo, mahakama iko mbali, nao hawana hakika kama sheria iko upande wao.

Makala hii inakusudia kuchunguza historia ya jibu hilo la baba. Wengi wetu hulichukua kuwa jibu la kimila, kana kwamba wazee wetu ndio waliotufundisha kuwa mtoto akikua baba huwekwa huru. Tutajaribu kuonyesha kwamba sivyo. Desturi ya Wasukuma ilimdai baba hata baada ya mwanawe kukua. Mpaka wa miaka 18 uliletwa na sheria iliyoandikwa, na kwa muda wa miaka mingi mpaka huo haukuwaumiza wanafunzi wengi kwa kuwa Serikali ilikuwa imekaa mahali pa baba. Serikali ilipojiondoa mahali hapo, mpaka ulibaki, na gharama zikaanguka juu ya mzazi aliyekuwa karibu zaidi, ambaye kwa kawaida ni mama. Hali hii yaonekana wazi sana Mwakitolyo na machimbo mengine ya namna yake, ambako ng'ombe hawasemi tena nani ni baba wa nani.

Ng'ombe na wajibu wa baba

Mwakitolyo ni kata ya Wilaya ya Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma. Kabla ya dhahabu kuwavuta watu kutoka kila upande, mali ya nchi hii ilikuwa ng'ombe, na baadaye pamba pia. Wajibu kati ya wazazi na watoto ulipimwa kwa ng'ombe. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika kama mchunguzi wa mila, alizikusanya sheria za kimila za Wasukuma katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953. Kutokana na kazi hiyo, na kutokana na yale ambayo wazee wa Usukuma wenyewe huyasimulia, twaweza kutaja mambo yanayohusu swali letu.

Jambo la kwanza ni kwamba utu uzima haukuhesabiwa kwa miaka. Kijana alikuwa chini ya baba yake hadi alipooa na kuwa na mji wake. Baba ndiye aliyetazamiwa kutoa ng'ombe wa mahari kwa ajili ya mke wa kwanza wa mwanawe. Kijana aliyechunga ng'ombe wa nyumbani tangu utotoni na kulima mashamba ya baba yake hakuwa akiomba hisani alipodai mahari. Alikuwa akidai haki yake. Baba aliyekuwa na mifugo na akakataa kumwoza mwanawe alilaumiwa na ndugu zake mbele ya watu. Basi gharama kubwa kuliko zote ambazo baba aliingia kwa ajili ya mtoto wake wa kiume ilikuja wakati mtoto huyo amekwisha kukua, wala hakuna aliyesema kwamba kukua kwake kumeifuta.

Jambo la pili linahusu mtoto aliyezaliwa pasipo mahari. Huyo alihesabiwa kuwa wa upande wa mama. Babu yake mzaa mama na wajomba zake ndio waliomlea, na yeye akawa mtu wa kwao. Aliyemzaa aliweza kumpata mtoto huyo kwa kulipa ng'ombe. Asipolipa, hakuwa na haki juu yake wala hakudaiwa matunzo. Utaratibu huu ulikuwa na ukali wake, lakini ulihakikisha kwamba kila mtoto ana mji wa kurudi na mwanamume wa kujibu kwa ajili yake.

Jambo la tatu ni la mabinti. Ng'ombe waliokuja kwa sababu ya kuolewa kwa binti mara nyingi ndio waliotumika kumwoza kaka yake. Binti mwenyewe aliposindikizwa kwenda kwa mumewe, baba alihesabu kwamba deni lake kwake limekwisha. Wazo hili halijafa. Hata leo baba anayekubali kumlipia mwana wa kiume chuo huweza kuona ajabu kuombwa alipe vivyo hivyo kwa binti, kwa kuwa katika hesabu ya zamani binti alileta mali nyumbani, hakuichukua.

Elimu ya juu ilipofika Usukuma, iliingia kwanza katika nyumba za watawala. Shule ya Tabora ilianzishwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa machifu, na kutoka huko wachache walikwenda Makerere. Mmojawapo alikuwa Kidaha Makwaia wa Usiha, katika nchi ya Shinyanga, aliyesoma Tabora na Makerere, akarithi utemi wa baba yake, na mwaka 1945 akawa mmoja wa Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kwa watu wa kawaida chuo kilikuwa jambo la mbali mno. Swali la nani amlipie kijana wa miaka 20 aliye darasani halikuwa limezaliwa katika nyumba zao.

Mpaka wa sheria

Sheria zilizoandikwa zilikuja na hesabu nyingine. Kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, sheria ya enzi ya ukoloni ilimruhusu mama kumshtaki baba na kupata fedha za matunzo, lakini kiasi hakikuweza kuzidi shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi 100 ilikuwa fedha ya maana wakati ilipowekwa. Thamani yake ikaporomoka mwaka hata mwaka, na sheria ikabaki vile vile, hata ikafika siku ambapo nauli ya kwenda mahakamani kuzidai ilizidi fedha zenyewe. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 2009.

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru ilitangaza mkusanyo wa sheria za kimila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, kazi ambayo Cory huyo huyo alikuwa ameishughulikia kabla ya kufa kwake. Mkusanyo huo uliendeleza wazo la kwamba mtoto wa ndoa ni wa baba, na mtoto wa nje ya ndoa ni wa upande wa mama hadi baba atakapomhalalisha. Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Katika kifungu chake cha 129 sheria hiyo ilimwagiza mwanamume kuwatunza watoto wake wachanga, yaani walio chini ya umri wa utu uzima, kwa malazi, mavazi, chakula na elimu, kwa kadiri ya uwezo na hali yake. Mama alipewa wajibu huo pale ambapo baba amefariki, hajulikani aliko, au hana uwezo. Mtoto alipotimiza miaka 18, kwa kawaida amri ya matunzo ilikoma.

Sheria ya Ndoa ilifanya jambo jema lisilopaswa kusahauliwa: iliitaja elimu pamoja na chakula na mavazi kuwa sehemu ya matunzo. Lakini iliweka mwisho wa deni mahali ambapo desturi haikuuweka. Katika desturi, mwisho ulikuwa ni tukio, yaani kijana kupata mji wake. Katika sheria, mwisho ukawa tarehe ya kuzaliwa. Mtoto wa kijijini aliyechelewa kuanza darasa la kwanza, na wako wengi, hutimiza miaka 18 akiwa bado kidato cha tatu au cha nne.

Serikali iliyokaa mahali pa baba

Kwa nini mpaka huo haukuleta kilio mwaka 1971? Jibu liko katika historia ya chuo kikuu chenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Tangu katikati ya miaka ya 1960 Serikali ilichukua gharama za wanafunzi wa chuo: karo, chakula, malazi, vitabu, hata nauli. Mkulima wa pamba wa Shinyanga ambaye mwanawe alichaguliwa hakuulizwa ana ng'ombe wangapi. Kijana huyo kwa upande wake alitazamiwa kulitumikia taifa lililomsomesha.

Uhusiano huu ulikuwa wa mzazi na mtoto kwa maana kamili, pamoja na adhabu zake. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwafukuza karibu wanafunzi 400 na kuwarudisha makwao. Aidha Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka sharti kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na kwamba apate sifa njema kutoka kazini na katika Chama. Baba mwenye kulipa ndiye aliyeweka masharti. Na baba huyo alikuwa Serikali.

Katika muda huo wote hapakuwa na sababu ya mwanafunzi wa chuo kikuu kumpeleka baba yake mahakamani. Sheria iliyosema kwamba deni la baba limekwisha katika miaka 18 ilikuwa haijajaribiwa. Wanafunzi wenyewe walikuwa wachache mno katika nchi yote.

Kuanzia mwaka 1992 Serikali ilianza kutekeleza, hatua kwa hatua, sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu. Mzigo uliokuwa wa taifa ulirudishwa kwa wazazi. Sera ilisema "mzazi", kana kwamba kila mwanafunzi ana mzazi anayejulikana, aliye tayari, na anayeweza kulazimishwa. Hakuna aliyerekebisha sheria ya matunzo ili ilingane na sera hiyo. Kwa sera, mzazi alitakiwa amlipie kijana wa miaka 20. Kwa sheria, mzazi yule yule aliambiwa hadaiwi kitu. Kwa muda wa miaka 17 hivi, kutoka 1992 hadi 2009, mtoto aliyekataliwa na baba yake alisimama katikati ya maagizo hayo mawili.

Machimbo na ubaba usio na anwani

Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyobadilisha maisha ya ukanda wa dhahabu. Uchimbaji wa Geita wa enzi ya ukoloni ulikuwa umekoma katika miaka ya 1960. Biashara ilipofunguliwa tena katika miaka ya 1980, wachimbaji wadogo walienea Geita, Kahama na Shinyanga. Mwaka 1996 waliondolewa Bulyanhulu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Waliokosa nafasi katika migodi mikubwa waliendelea kufuata dhahabu kila iliposikika, na Mwakitolyo ni mojawapo ya mahali walipokusanyika.

Tofauti ya maisha haya na ajira ya zamani ni kubwa. Mfanyakazi wa mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940, alikuwa na mwajiri, mshahara wa mwezi na jina katika daftari. Mahakama ikiamuru akatwe fedha za matunzo, ilijulikana zikatwe wapi. Mchimbaji mdogo hana mshahara. Mawe yakitoka, hugawanywa kwa mifuko kati ya mwenye leseni, mwenye eneo, mwenye duara na wale walioshuka chini. Anaweza kukaa miezi mingi bila kuona kitu, kisha akapata kwa siku moja fedha ambazo mkulima hazipati kwa misimu miwili, na kabla ya mwezi kwisha akawa amehamia machimbo mengine.

Hapana budi tuwatendee haki wababa hawa. Wengi wao ni maskini, wanaofanya kazi ya hatari ndani ya ardhi inayoweza kuwaangukia. Wapo wanaopeleka fedha nyumbani kwa uaminifu mkubwa, na wapo waliosomesha watoto hadi chuo kikuu kwa mawe ya maduara. Hata hivyo miungano mingi ya machimboni huanzishwa bila mahari, bila ndoa ya kanisani wala ya serikali, kati ya watu waliotoka mikoa mbalimbali ambao ndugu zao hawajawahi kuonana. Mtoto anapozaliwa, utaratibu wa kale wa kumpeleka upande wa mama unabaki kwa jina tu, maana babu aliyepaswa kumpokea yuko mbali, na pengine hana ng'ombe hata mmoja. Hivyo mtoto huyu amepoteza ulinzi wa desturi, na ulinzi wa sheria hajaupata.

Mama ndiye anayebaki. Atafanya umama lishe, ataponda mawe kwa nyundo au kuyapeleka kwenye karasha, ataosha marudio kwa zebaki. Shirika la Human Rights Watch katika taarifa yake ya mwaka 2013 lilieleza jinsi watoto wa Geita, Shinyanga na Mbeya wanavyofanya kazi katika machimbo madogo na kugusa zebaki kwa mikono yao. Tukiyaunganisha mambo haya na swali letu, tunaona hatari ambayo kijana wa mahali kama hapo anakabiliana nayo. Akikosa ada ya chuo hatakwenda mbali kuitafuta, kwa kuwa duara liko karibu na nyumba yao. Atasema anaingia kwa msimu mmoja tu ili apate fedha za mwaka wa kwanza, na nafasi ya chuo haitamngoja.

Sheria ya Mtoto na Bodi ya Mikopo

Mwaka 2009 Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto. Ile sheria ya shilingi 100 ikafutwa. Wajibu wa kumtunza mtoto ukawekwa juu ya wazazi wote wawili, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Tena, kwa mara ya kwanza, sheria ilitamka kwamba ingawa amri ya matunzo hukoma mtoto anapotimiza miaka 18, mahakama yaweza kuendelea kuisimamia ikiwa mtoto huyo yumo katika masomo au mafunzo. Ghana ilikuwa imeweka utaratibu wa namna hiyo mwaka 1998, na Kenya iliruhusu wajibu wa mzazi kuvuka miaka 18 kwa sheria yake ya mwaka 2001. Huko Ujerumani, sheria ya madai iliyoanza kutumika mwaka 1900 huhesabu gharama za kujifunza kazi inayomfaa mtoto kuwa sehemu ya matunzo, hata baada ya utu uzima.

Yatupasa kuyasoma maneno ya sheria yetu kwa makini. Sheria inasema mahakama "yaweza", haisemi lazima. Na inazungumzia kuendeleza amri ambayo imekwisha kutolewa. Mama aliyemlea mtoto kwa miaka 18 pasipo kufika mahakamani, kwa sababu hakujua, au aliogopa, au baba alikuwa akitoa kidogo kidogo, anafika wakati wa chuo akiwa hana amri ya kuendeleza. Kwa hiyo, kwa watu wa Mwakitolyo, mlango uliofunguliwa mwaka 2009 uko wazi zaidi kwa yule aliyeanza safari mapema. Anayesubiri barua ya chuo ndipo aulize habari za baba amechelewa.

Mlango wa pili ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Bodi imewasaidia wengi ambao wasingeweza kusoma. Lakini kwa mtoto tunayemzungumzia kuna ugumu wa pekee. Yatima huleta cheti cha kifo cha mzazi, na umaskini wake unaaminika. Mtoto ambaye baba yake yu hai lakini amemkana hana cheti cha kuonyesha, kwa kuwa hakuna ofisi inayotoa cheti cha kutelekezwa. Katika fomu ana wazazi wawili. Nyumbani ana mmoja. Hata akipata mkopo, deni linakuwa lake mwenyewe. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kulipa mkopo huo. Deni ambalo katika desturi lilikuwa la baba kwa mtoto limegeuka kuwa la mtoto kwa Serikali, na baba ametoka katika hesabu bila kuulizwa.

Lipo pingamizi ambalo haifai kulipuuza. Wengine huuliza kama ni haki kumlazimisha baba aliyetengana na mama amlipie mtu mzima chuo, ilhali baba anayeishi na mkewe hawezi kulazimishwa hivyo. Mwaka 1995 mahakama kuu kabisa ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilibatilisha sheria ya namna hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Hoja ina uzito. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba katika nyumba yenye baba na mama pamoja, mtoto ana nafasi ya kuomba kila siku, na ndugu na majirani wanaona. Mtoto wa baba aliyehama hana baraza hilo. Mahakama inampa mahali pa kusema. Na kipimo cha kale cha sheria yetu, yaani uwezo na hali ya mzazi, kinamlinda baba maskini mwenye watoto wengine wadogo asitwishwe asichoweza kubeba.

Mchimbaji wa Mansfeld

Sisi Walutheri tunayo historia yetu katika jambo hili, tena ni historia iliyotoka machimboni. Martin Luther alizaliwa Eisleben mwaka 1483, na mwaka uliofuata wazazi wake wakahamia Mansfeld, mahali pa machimbo ya shaba. Baba yake, Hans, alikuwa mwana wa mkulima ambaye hakurithi shamba. Akaingia katika kazi ya shaba, akapanda hadi kukodi matanuru ya kuyeyushia. Kwa fedha za kazi hiyo alimpeleka mwanawe shuleni Mansfeld, Magdeburg na Eisenach, na mwaka 1501 katika Chuo Kikuu cha Erfurt, ambako Martin alipata shahada ya uzamili mwaka 1505. Alipoingia Erfurt alikuwa na umri wa miaka 17 hivi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama ambazo mchimbaji huyu aliingia kwa ajili ya mwanawe ilikuwa kwa ajili ya kijana ambaye sheria yetu ya mwaka 1971 ingemhesabu kuwa mtu mzima.

Hans alitaka mwanawe awe mwanasheria. Mwaka huo huo wa 1505 Martin akaingia utawani, na baba akakasirika sana. Kwenye misa ya kwanza ya mwanawe, mwaka 1507, alimkumbusha mbele ya watu amri ya kuwaheshimu baba na mama. Uhusiano wao ulichukua miaka kupona. Hata hivyo katika hotuba aliyoiandika mwaka 1530 kuhusu wajibu wa kuwaacha watoto shuleni, Luther alimtaja baba yake kwa shukrani, akikiri kwamba ni kwa jasho la mzee huyo alipata kusoma Erfurt. Twajifunza hapa kwamba baba anayelipa hanunui maisha ya mtoto. Baadhi ya wababa hukataa kulipa kwa sababu kijana amechagua masomo wasiyoyataka, au kwa sababu amemfuata mama. Hans alikuwa na sababu kubwa kuliko hizo za kunung'unika, na bado mwanawe hakuacha kulihesabu jasho lile kuwa tendo la baba mwema.

Katika hotuba hiyo Luther alisema pia kwamba baba akiwa maskini, mali ya kanisa itumike kumsaidia mtoto, na akawahimiza matajiri kuacha wosia kwa kazi hiyo. Katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alikuwa ametambua kwamba wapo wazazi wasio na moyo wa kuwasomesha watoto, wapo wasiojua namna, na wapo wasio na nafasi. Kwa sababu hiyo akawataka watawala wasimame. Wala hakuwasahau wasichana. Mpango wake ulikuwa na ngazi: kwanza mzazi, kisha jumuiya na mtawala pale mzazi anaposhindwa au kukataa. Hakufundisha kwamba ngazi ya pili inaifuta ya kwanza.

Maandiko yanakubaliana na mpango huo. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 12:14, anaitumia kama kanuni inayojulikana kwamba wazazi ndio huwawekea watoto akiba. Katika 1 Timotheo 5:8 anamhesabu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake kuwa ameikana imani. Hakuna mahali ambapo Mtume anataja umri ambapo mtoto huacha kuwa mtu wa nyumbani mwa baba yake.

Hitimisho: kazi ya usharika

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania haliwezi kulipa ada za watoto wote walioachwa machimboni, na likijaribu litawafundisha wababa kwamba wanaweza kuondoka kwa amani. Lakini lipo jambo ambalo usharika unaweza kulifanya tangu mtoto akiwa mchanga, nalo ni kushuhudia ubaba. Sheria ya Mtoto inapotaja mambo ambayo mahakama huyaangalia ili kujua nani ni mzazi, inataja jina lililoandikwa katika daftari la vizazi, kutimizwa kwa desturi, na mzazi kumkubali mtoto hadharani. Ubatizo ni tendo la hadharani. Baba anayesimama mbele ya usharika na kumleta mtoto kisimani amemkubali mbele ya mashahidi wengi, na kitabu cha ubatizo kinaandika.

Kwa sababu hiyo mchungaji anapombatiza mtoto wa wazazi wasiofunga ndoa, asiharakishe kuiacha wazi nafasi ya jina la baba kwa ajili ya aibu au kwa ajili ya nidhamu ya kanisa. Na amtafute baba huyo na kumwita. Nafasi iliyoachwa wazi leo itamfunga mtoto baada ya miaka 18, atakapohitaji kuthibitisha kwamba anaye baba anayedaiwa. Hali kadhalika akina mama waelezwe mapema habari za afisa ustawi wa jamii na Mahakama ya Watoto, wakati mtoto angali shule ya msingi na baba angali anafahamika aliko. Katika mafundisho ya kipaimara vijana wa kiume wafundishwe kwamba deni la baba ni kwa binti kama lilivyo kwa mwana.

Wazee wa Usukuma walimdai baba ng'ombe kwa ajili ya mwana aliyekua, ili mwana huyo apate mji wake. Kwa kijana wa leo, elimu ya chuo ndiyo njia ya kupata mji huo. Baba wa Mwakitolyo anayesema kwamba kazi yake imekwisha ajibiwe kwa lugha ya wazee wake mwenyewe: ng'ombe wa mwanao bado hawajatoka zizini.